Kati ya Ghorofa ya Tatu na ya Nne

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha dirisha. Ya pili ilipita karibu na sikio lake, ikazama kwenye ubao.

Nyenje hakuisubiri ya tatu.

Alijirusha nyuma ya meza ya randa na kumvuta yule seremala aliyekuwa amelazwa sakafuni, mikono imefungwa kwa waya.

"Kichwa chini, baba."

"Wewe ni nani?" mzee aliuliza, meno yanagongana.

"Fundi cherehani."

Hakudanganya. Upande wa Juu wa jiji walimjua hivyo: fundi wa majoho ya madiwani, mke wa mwokaji mikate, mwanamke mpole asiyepitwa na kilio wala arusi ya jirani. Upande wa Chini, ng'ambo ya Ukuta, kulikuwa na ofisi isiyo na kibao mlangoni. Huko aliitwa Nyenje. Mdudu unayemsikia chumba kizima, lakini ukimtafuta humwoni.

Asubuhi hiyo ofisi ilimtumia habari fupi. Mzigo wa baruti umevushwa getini ndani ya shehena ya mbao. Mbao zimeshushwa karakana ya seremala. Nenda.

Alikuwa amekwenda. Baruti hakuikuta. Alimkuta mzee kafungwa, na wanaume wawili uani wenye bunduki.

"Walileta nini hapa?" alimnong'oneza huku akikata waya kwa mkasi.

"Ule mfano wa barabara. Yule Mhandisi wa kigeni ndiye aliyeniagiza niutengeneze. Leo watu wake wamekuja, wakang'oa kitako nilichokichonga mimi, wakaweka cha kwao. Kizito, mwanangu! Nikaona simu mle ndani. Nikaona nyaya. Nikauliza. Kuuliza kwangu ndiko huku."

"Mfano uko wapi?"

"Umeshapelekwa barazani."

Nyenje aliingiza mkono mkobani, akachomoa bastola.

Mlango ulipigwa teke. Wa kwanza aliingia akitanguliza mtutu. Nyenje alimpiga risasi ya paja kwa Walther yake ndogo, mtu akaanguka akimwita mama yake. Wa pili alikuwa anapita chini ya rundo la mbao lililofungwa kwa kamba ukutani. Nyenje alilikata kamba.

Mbao hazina huruma.

"Ruka uzio, nenda kwa jirani, usitoke mpaka usikie king'ora cha kufungua mageti," alimwambia mzee. Kisha akarukia Honda ya wale jamaa, ufunguo bado unaning'inia.

Alipiga simu akiwa barabarani, Nokia imebanwa ndani ya kilemba.

"Mjomba. Mzigo umetiwa ndani ya mfano. Mfano uko barazani."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa ile ofisi isiyo na kibao.

"Rudi nyumbani," alisema. "Mageti yanafungwa kwa ajili ya kura. Mlango wetu wa nyuma nitauacha wazi kidogo tu. Ukikawia umefungiwa nao."

"Na madiwani?"

"Simu zao zimekusanywa mlangoni, siwapati. Na tukiwapigia walinzi wa Juu, watasema bomu ni letu. Nani atabisha? Baruti imepitia kwetu."

"Kwa hiyo tunakaa kutazama?"

"Kwa hiyo unarudi. Hatukujui, Nyenje. Hilo unalielewa."

"Mjomba, mtandao unasumbua."

Mtandao ulikuwa safi kabisa. Alikata simu, na papo hapo Mjomba akahamia kwenye kipokezi kidogo kilichofichwa sikioni mwake.

King'ora kililia kabla hajafika mtaa wa Ukuta. Mageti yalianza kujivuta kwenye reli zake, na watu wakakimbilia huku na huku: huyu na kapu, yule na mtoto mgongoni, kila mmoja akiomba asifungiwe upande usio wake. Ukuta ule ulijengwa baada ya vita, kwa haraka, na haukujali kilichokuwa mbele yake. Kulikuwa na nyumba iliyokatwa katikati, jiko likabaki Juu na vyumba vya kulala Chini. Kulikuwa na ndugu waliozikana kwa kupungiana mikono.

Walichobaki nacho kwa pamoja ni mabomba ya maji, majitaka, na Baraza. Jengo la Baraza lilikaa juu ya mpaka wenyewe, mlango mmoja Juu, mlango mwingine Chini. Leo madiwani wa pande zote walikuwa wanapiga kura: Barabara Kuu ifunguliwe, watu wapite kwa miguu bila kibali, au isifunguliwe.

Na Mhandisi ndiye aliyekuwa akiuza nyaya, kamera na mageti kwa pande zote mbili. Ukuta ukianguka, biashara yake inaanguka nayo. Lakini bomu likilipuka barazani, kila upande utamnyooshea mwenzake kidole, na Ukuta utaongezwa urefu.

Kufa kufaana.

Nyenje aliisukumia Walther chini ya kiti cha pikipiki, kwa sababu mlangoni kulikuwa na mashine ya kukagua. Akatoa joho jeusi kwenye mkoba, akalilaza mkononi.

"Fundi, leo umechelewa," mlinzi wa mlangoni alimtania.

"Pindo la mwenyekiti limefumuka. Unataka akanyage aanguke mbele ya watu?"

Mlinzi alicheka, akampitisha na mkasi wake kama kawaida.

Nyuma ya meza ya mapokezi alisimama Mkuu wa Lindo. Kamanda mnene, mpenda picha. Hakuna mkutano uliowahi kufanyika yeye asionekane mbele ya kamera. Leo alikuwa ameng'ang'ania chini, macho kwenye redio yake ya Motorola.

Nyenje alimtazama mara moja tu. Akajua ni nani aliyeuruhusu mfano upite bila kukaguliwa.

Mwisho wa ukumbi milango ya lifti ilikuwa inajifunga. Ndani yake aliiona meza ya magurudumu, kisanduku kikubwa cha kioo juu yake, na nyuma ya kioo uso wa shemeji yake.

"Shemeji! Nisubiri!"

Diwani alitia kiatu mlangoni. Alikuwa kaka wa mume wake, mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Miaka yote ya Ukuta alikuwa akigombana na wenzake wa Juu ili barabara ifunguliwe.

"Ingia, shemeji, ingia! Wahudumu wamepanda ngazi, hatukutosha. Tazama uzuri huu! Barabara yetu hii. Ona miti. Ona watu, wamewekwa mpaka na miavuli! Nikiwaonyesha hii, hata yule mkaidi wa viti vya nyuma atanyoosha mkono."

"Nani kakupa uubebe?"

"Mhandisi. Kasema heshima ni yangu."

Milango ilijifunga. Sauti ya Mjomba, iliyokuwa ikimkaripia kwa kipokezi cha sikioni, ilikatika ghafla. Ilikuwa hivyo kila alipopanda lifti ile. Sanduku la chuma. Mawimbi hayaingii.

Mawimbi hayaingii.

Ghorofa ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Ya nne ndiyo ya ukumbi wa mkutano.

Nyenje alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe chekundu.

Lifti ilishtuka, ikalia, ikasimama. Taa ilififia na kurudi.

"Umebonyeza nini?" Diwani aliuliza.

"Cha kusimamisha."

"Bonyeza tena basi, twende."

"Hatuendi, shemeji. Kwenye kitako cha mfano huu kuna bomu. Linangoja kupigiwa simu. Humu ndani simu haiingii. Tukitoka, inaingia."

Diwani alicheka. Akamtazama usoni, kicheko kikamkauka.

"Umejuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko risasi. Miaka sita alikuwa amelala, ameamka, amefua, amepika na ameuguza wagonjwa katika nyumba ya watu hawa. Kila asubuhi aliamka akiwa amefungwa kati ya wanawake wawili, wote yeye mwenyewe, wasioweza kukutana.

"Mimi natumikia Chini," alisema. "Tangu siku niliyohamia mtaani kwenu."

Shingo ya Diwani ilivimba. Alipopata sauti, ilikuwa ndogo, si yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo umenishonea wewe mwenyewe."

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Wamekutuma uzuie kura, sivyo? Mtu mmoja akikwama kwenye lifti, kura moja imepungua. Yangu!"

Akausogelea ubao wa vitufe. Nyenje akasimama mbele yake. Alimfika kifuani.

"Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini kwanza piga simu ya ukutani. Zungumza na Mkuu wa Lindo. Mwambie umekwama. Sikiliza atakachouliza."

Simu ya dharura ya lifti ilipita kwenye waya, na waya hauhitaji mawimbi. Diwani aliinyakua huku akihema.

"Kamanda! Nimekwama humu kwenye lifti."

"Mfano umefika juu?"

"Nimesema nimekwama. Nasikia kizunguzungu."

"Mheshimiwa, mfano bado uko nawe? Haujafunguliwa?"

"Mimi siulizwi hali?"

"Nauliza mfano. Uko nawe?"

"Uko. Njoo wewe mwenyewe utufungulie."

"Nina kazi nyingi huku chini. Nimemtuma fundi mtamboni azungushe kwa mkono. Mtafika juu sasa hivi. Mkifika usitoke, mheshimiwa. Ngoja hapo hapo na mfano wako."

Simu ikakatwa.

Diwani aliishikilia bado sikioni. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye utosi mpaka kwenye kola.

"Mtu huyu hajawahi kukosa picha hata moja," alisema taratibu. "Leo tunapitisha kura kubwa kuliko zote, na yeye ana kazi chini."

"Nishikie upande huo."

Walikilaza kisanduku ubavuni. Kioo kilipasuka, na vijitu vya plastiki vikamwagika sakafuni, miavuli na yote. Nyenje alipitisha ncha ya mkasi kwenye kitambaa cha kijani kilichofunika kitako, akakichana kama anayefumua pindo.

Vipande vya baruti vilipangwa mle kama sabuni dukani. Katikati yake palikuwa na Samsung ndogo, kioo chake kinawaka. *Hakuna mtandao.* Kutoka kwenye simu, waya. Mwisho wa waya, kiwashio, kijiti cha chuma kilichochomekwa ndani ya baruti na kuzungushiwa gundi ngumu.

"Kivute!" alisema Diwani.

"Gundi imekauka. Nikikilazimisha kinaweza kuwaka."

"Sasa?"

"Nakata gundi."

Lifti ilitikisika.

Wote wawili wakainua macho. Juu yao kamba za chuma zililia. Sakafu ilianza kupanda, polepole mno, kama mgonjwa anayeinuliwa kitandani.

"Wanazungusha," alinong'ona Diwani. Akaukamata ubao wa vitufe, akabonyeza kile chekundu kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Lifti iliendelea kupanda. Mtambo wa mkono haujui vitufe. Akapiga kelele, "Acheni! Acheni kuzungusha! Kuna bomu!"

Huko juu mtambo ulinguruma, na fundi hakusikia neno. Nyenje hakuinua kichwa. Gundi ilikatika vipunje kwa vipunje. Vidole vyake, vilivyozoea hariri na pamba, vilikuwa na damu.

"Shemeji," alisema, "simama mlangoni. Ishike milango isifunguke. Upenyo ukitokea, mawimbi yanaingia."

Yule mtu mkubwa alivua koti. Akatia viganja kila upande wa mlango, akajibana kama anayezuia ng'ombe zizini.

Mstari wa mwanga ulitokea juu ya mlango. Ukashuka. Sauti zikasikika nje.

"Wamefika! Leta mtaimbo!"

"Msifungue!" alinguruma Diwani. "Mimi ndiye ninayesema, msifungue! Kimbieni, kuna bomu!"

"Anasemaje?"

"Anasema kuna joto! Mheshimiwa anaishiwa hewa! Sukuma!"

Watu wema wanaweza kukuua haraka kuliko wabaya. Mtaimbo uliingia kati ya milango. Misuli ya Diwani ilitetemeka, viatu vikateleza kwenye vijitu vya plastiki.

Upenyo wa kidole.

Nyenje aliona kioo cha Samsung kikibadilika. Yale maneno yakafutika. Mahali pake kikatokea kistari kimoja cha mtandao.

Mhandisi, popote alipokuwa, alikuwa akipiga na kurudia.

Kipande cha mwisho cha gundi kiligoma. Aliutupa mkasi. Akainama, akakiuma kwa meno kama anayekata uzi.

Kikakatika.

Alichomoa kiwashio, akakisokota ndani ya joho jeusi pamoja na simu, akalitupa furushi pembeni na kujilaza juu ya baruti.

Simu iliita.

*Paaa!*

Mlio ule, ndani ya sanduku la chuma, ulikuwa kama kofi la masikio yote mawili. Joho liliruka, likashika moto. Moshi ukajaa. Milango ikafunguka yote kwa mara moja, na Diwani akaangukia nje kifudifudi, mbele ya fundi wa lifti, walinzi wawili vijana na nusu ya Baraza la Jiji.

Mtaimbo ulidondoka sakafuni.

Kisha mwenyekiti, mwanamama wa Chini mwenye miwani minene, akachungulia ndani. Akaiona baruti. Akamwona mwanamke aliyeilalia.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi," alisema Diwani kutoka sakafuni, akikohoa. "Nilipewa na Mhandisi, na Mkuu wa Lindo akanipitisha. Washikeni wote wawili. Walinzi wa Juu, walinzi wa Chini, wote nendeni!"

Nyenje alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Alikutana na Mkuu wa Lindo kwenye kona ya ghorofa ya pili. Kamanda alikuwa amesikia mlio mdogo kuliko alioahidiwa, akapanda kutazama. Mkononi alikuwa na Glock.

"Fundi? Huko juu kuna nini?"

"Pindo limefumuka, kamanda."

Alisita. Akamwona damu midomoni. Mtutu ukainuka, lakini mtu aliye chini ya ngazi hana bahati. Teke la Nyenje lilimpata kifuani, akashuka ngazi zote kwa mgongo, Glock ikamtangulia. Alipotaka kuamka alikuta bunduki yake mwenyewe inamtazama.

Mfukoni mwake simu ilitetemeka. Nyenje aliichomoa.

"Kimetokea nini?" Sauti ilikuwa ya Mhandisi, Kiswahili cha kujifunzia ukubwani. "Mbona imelia kidogo? Upo wapi? Nijibu!"

Nyenje alilainisha sauti kama mwanamke wa kampuni ya simu.

"Samahani. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Aliwaachia kamanda wale walinzi vijana waliokuwa wakishuka mbio. Kutoka dirishani aliiona Land Cruiser nyeupe ya Mhandisi ikirudi nyuma kwa fujo, ikageuka, ikalifuata geti. Geti lilikuwa limefungwa. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeliweka, kwa chuma chake, na kulisifu kwenye vipeperushi kuwa halipitiki.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Mara chache humnasa mwenye kuutega.

Walinzi walilizunguka gari kutoka pande mbili. Walipomtoa Mhandisi ilibidi wagombane kwanza ni pingu za nani zitakazotumika. Wakamtia zote.

Diwani alimkuta Nyenje karibu na mlango wa Chini. Shati lake lilikuwa limepasuka kwapani. Nyuma yake, huko juu, kengele ya mkutano ilikuwa inalia. Walikuwa wameamua kupiga kura bila kungoja moshi utoke.

"Watauliza wewe ni nani," alisema.

"Sema ukweli. Umechoka kubeba vya watu."

"Ndugu yangu..." Alikwama. Hakuzoea kukosa maneno. "Yule bwana yuko dukani saa hizi, anatoa mikate kwenye tanuri. Atarudi nyumbani akute hakuna mtu. Nimwambie nini? Ulimpenda, au na hiyo ilikuwa kazi?"

Nyenje alifungua kilemba, akakifunga upya. 

"Kazi iliisha mwaka wa kwanza," alisema. "Niliwaandikia kwamba nyumba yenu haina siri yoyote ya maana. Wakaniambia nirudi. Nikawadanganya kuwa ipo."

Yule mtu mkubwa aliinamisha kichwa.

"Kaa basi. Nitakusemea."

"Nikikaa, kesho watasema kura hii ilinunuliwa na mpelelezi wa Chini aliyekuwa anakula kwako. Kaipigeni. Mkiipitisha, barabara itakuwa wazi Jumamosi. Mwambie ndugu yako miguu anayo."

Aliusukuma mlango.

Upande wa Chini jua lilikuwa kali na mtaa umejaa watu waliofungiwa nje ya makwao, wamekaa kwenye matofali ya Ukuta wakingoja. Kipokezi kilifufuka sikioni.

"Nyenje! Nijibu! Uko wapi?"

"Niko kwako, Mjomba. Nimetoka kwa mlango wa mbele."

"Nani kakuruhusu? Nataka maelezo yote, leo hii, mezani kwangu!"

Alichomoa kipokezi, akakidondosha kwenye mtaro wa maji machafu, unaopita chini ya Ukuta na kuwahudumia wote bila ubaguzi.

Nyuma yake, madirisha ya ghorofa ya nne yalitoa kelele. Kwanza moja, kisha nyingi, kisha makofi na viti vinavyosukumwa. Watu waliokaa kwenye matofali waliinuka, wakaulizana, wengine wakaanza kulia kabla hawajaambiwa.

Nyenje hakugeuka. Alifuta damu mdomoni kwa kiganja, akavuka barabara, akaingia mtaani akitembea kama mtu anayekwenda kutafuta chumba cha kupanga.